Hapana ya Kwanza

Kwa miaka thelathini na moja Verlyn Aaberg hakukata kucha za miguu yake mwenyewe, na katika kaunti nzima hakuna aliyelijua hilo ila mkewe. Ilianza mwaka ule mgongo ulipomkwama katikati ya mavuno ya viazisukari, akawa hawezi kuinama hata kufunga kamba za viatu. Jumamosi jioni alipotoka kuoga, Ardis alitandaza gazeti sakafuni jikoni, akavuta kiti, akasema, "Hebu lete mguu." Mgongo ulipona baada ya mwezi. Mguu uliendelea kuletwa.

Hawakuwahi kulizungumzia. Ardis alikata huku akisikiliza redio, ukucha mmoja baada ya mwingine, alikata moja kwa moja bila kuzungusha pembe, kisha akapitisha tupa, kisha akampiga kofi dogo la wayo kumaanisha lete wa pili. Watu wa kwetu hatushikanishikani. Verlyn na Ardis walikaa kanisani miaka hamsini na mitano wakiwa wameacha kati yao nafasi ya kutosha koti. Mgeni angedhani wamenuniana. Lakini kila Jumamosi mguu wa Verlyn ulikuwa mapajani mwa mkewe kwa dakika ishirini, na hakuna mchungaji wala daktari aliyeambiwa.

Ardis alifariki Januari ya mwaka jana. Moyo ulisimama tu, asubuhi, kabla hata hajamaliza chai yake.

Miezi miwili ya kwanza Verlyn hakukumbuka kama ana miguu. Kufikia Pasaka soksi zilianza kutoboka. Mwezi wa tano alichukua mkasi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akajaribu kuvifikia vidole. Tumbo lilikataa, nyonga ikakataa, pumzi ikakata kabla mkasi haujagusa kitu. Na hata ulipogusa ilikuwa bure, kwani kucha za mzee wa miaka themanini na tatu zina ugumu wa pembe ya ng'ombe, na mkasi wa kukatia uzi hauna ubavu wa kukata pembe. Akakumbuka alichofundishwa na baba yake: ukucha wa kidole gumba ukianza kuingia nyamani, utie pengo katikati, nao utajivuta wenyewe kuliziba pengo, na pembe zitaachia nyama. Uongo mtupu. Ukucha unakua kutoka shinani kwenda mbele, hauna habari na pengo lako. Lakini baba alisema, na baba alikuwa mtu wa maana, kwa hiyo Verlyn akachukua kisu cha mfukoni akatia pengo. Alichopata ni ncha kali pembeni ambayo kila hatua iliisukuma ndani zaidi.

Majani ya miti yalipopukutika, ukucha wa gumba la kulia ulikuwa umezama nyamani, na ule wa kidole cha mwisho umejikunja ukamchoma jirani yake. Verlyn akaanza kukanyaga kwa kisigino. Kisigino kikalalamika kwa goti, goti likalalamika kwa nyonga. Viatu vya ngozi vikawekwa kabatini, akavaa mabuti ya mpira ya theluji, namba mbili zaidi ya mguu wake, ndani na nje ya nyumba. Mtu anayeogopa kukanyaga hanyanyui mguu, anauburuza, na hatua zake zikazidi kufupika mpaka safari ya kutoka kitandani hadi jikoni ikawa na vituo. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Verlyn kilikuwa ndani ya soksi.

Akaacha kwenda kwenye mkahawa wa ghala la nafaka, ambako wanaume wa rika lake hukutana kila siku saa tatu asubuhi kulaumu bei na hali ya hewa. Wenzake hawakumuuliza. Walisema yuko kwenye msiba, tumwache apumue. Na kumwacha, walimwacha kweli. Duane Lillehaug, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuja na trekta kila theluji ilipoanguka, akasafisha njia yote mpaka mlangoni, akageuza, akaondoka bila kubisha hodi, asije akamsumbua. Verlyn alisimama dirishani akanyanyua kidole kimoja. Duane naye kwenye usukani akanyanyua kidole kimoja. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya mwezi mzima wa Februari.

Mwezi Machi alianguka kwenye kibaraza cha nyuma. Buti lilikwama kwenye kizingiti, akaenda chini mzima mzima, akalala pale karibu saa nzima akiangalia mvungu wa benchi la kuvulia viatu. Alipoinuka alikuwa na alama nyekundu kutoka sikioni mpaka kidevuni, na alama hiyo, iliyoonekana kwenye simu ya video, ndiyo iliyomleta binti yake, Renae, kutoka mjini, mwendo wa saa nne kwa gari.

Renae hakuja peke yake. Alikuja na mwanamke wa afya wa kaunti, mpole, mwenye saa ya kuhesabu sekunde shingoni. Akabandika utepe sakafuni futi kumi kutoka kwenye kiti. "Mzee, ukinisikia nasema haya, inuka, tembea mpaka kwenye utepe, geuka, rudi ukae. Mwendo wako wa kawaida tu." Verlyn aliinuka, akaburuza, akageuka kwa hatua saba, akarudi. Sekunde ishirini na sita.

"Zikizidi kumi na nne tunakuwa na wasiwasi," mwanamke yule alisema taratibu. "Kuna mahali panakuuma?"

"Hapana."

"Baba, miguu je?" aliuliza Renae.

"Si mibaya."

Hilo neno la kwetu msilichezee. Mjomba wake Verlyn alikatwa mkono na mashine ya kuvunia, na alipoulizwa njiani kwenda hospitali alisema si mbaya. Mwanamke wa kaunti, ambaye ni wa hapa hapa, alijua pia kwamba si adabu kumwambia mzee wa watu avue soksi kama hajasema anaumwa. Akaandika: udhaifu wa uzee. Akaondoka.

Renae alikaa mezani, kikombe mikononi. "Kuna chumba, baba. Nyumba ya wazee karibu na kwangu, hatua chache tu. Wananishikia mpaka mwisho wa mwezi wa nne."

"Mimi nina vyumba tisa."

"Na ulilala kibarazani ukishindwa kuinuka, hukuniambia mpaka nilipouona uso wako. Nitalalaje mimi?" Akakiweka kikombe mezani. "Tufanye hivi. Tarehe kumi na tisa Aprili narudi na yule mama na saa yake. Ukipata chini ya kumi na nne, sitakitaja tena hicho chumba. Usipopata, tunafunga nyumba, unakuja na mimi. Sawa?"

"Sawa," alisema Verlyn, kwa kuwa ilikuwa haki.

Renae aliingia garini, akawasha injini, akabaki pale uani kwa muda mrefu ameinamia usukani. Verlyn alimwona kupitia dirishani. Baba mwingine angetoka akagonge kioo. Yeye alipima umbali kutoka dirishani mpaka kwenye gari, akajua kwamba kabla hajafika ngazi ya pili binti atakuwa amekwenda. Akabaki alipo, na gari likaondoka.

Sasa, msinidhanie mjinga, na Verlyn msimdhanie mjinga pia. Alijua vizuri kabisa kinachomfupisha hatua. Alijua pia kwamba Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, ukumbini chini ya kanisa letu la Kilutheri, huja nesi wa miguu akawakata wazee kucha. Ardis mwenyewe aliwahi kuwapikia keki. Kwa hiyo Jumanne ile ya Aprili alijikokota kwenye pikapu, akaendesha maili sita, akashuka ngazi za ukumbi akiwa ameshika ukuta. Jina lake hakuliandika kwenye orodha. Kuandika jina kwenye orodha ni kujitanguliza, na hilo hakulelewa nalo. Alikaa kwenye meza ya kahawa.

"Verlyn!" alisema Delpha Stenerson, mjane mwenzake, birika mkononi. "Umepotea wewe. Kahawa?"

"Ah, nimekunywa nyumbani."

"Kidogo tu, ya kupashia koo."

"Usijisumbue, Delpha."

"Ipo tayari, tutaimwaga bure."

"Basi, kama mtaimwaga." Akasogeza kikombe. Na kipande cha keki alikipata kwa njia hiyo hiyo, hapana mbili na basi moja, mambo yakiwa yanakwenda yanavyotakiwa kwenda.

Nesi wa zamani, Bi Norma, alistaafu wakati wa Krismasi. Wa sasa aliitwa Loretta DiPaolo, mwanamke mnene mwenye nywele fupi na sauti ya kuita teksi, aliyetoka New Jersey akimfuata mumewe aliyepata kazi ya kutengeneza mitambo ya upepo. Alikuwa na mabeseni matatu, glavu, taulo, na mikono ya haraka. "Haya, mama, huu ukucha tangu lini? Tangu vita vya pili? Tulia, siumi mtu mimi. Wa pili huo, lete." Wazee wetu walikaa kimya wamekodoa macho, kama watoto mbele ya mganga wa meno.

Saa ilipokaribia sita mchana orodha iliisha. Loretta akajifuta mikono, akaangaza ukumbini, akamwona Verlyn peke yake mezani na mabuti yake makubwa. Akamwendea.

"Na wewe, mzee wangu? Nimebakiwa na nusu saa na maji bado ya moto. Nikukate?"

Miezi kumi na nne Verlyn alikuwa akiyangoja maneno hayo, tena yamekuja yenyewe, hakuyaomba. Akajibu kama alivyolelewa.

"Ah, usijisumbue. Wapo wenye shida kuliko mimi."

"Sawa," alisema Loretta, akageuka, akaenda kumwaga maji.

Verlyn alikuwa bado anangoja kuulizwa mara mbili zaidi! Alimtazama akimimina beseni la kwanza, akajisemea atarudi. Akamimina la pili. Verlyn akakohoa.

Loretta akageuka. "Umepaliwa? Nikuletee maji?"

"Hapana."

"Sawa."

Akamwaga la tatu. Akayatia makoleo yake kwenye mfuko, akavaa koti, akawapungia wote mkono, akapanda ngazi mbili mbili. Atarudi Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, na mwezi wa tano Verlyn hatakuwa hapa. Delpha alikuja na birika akamwuliza kama anaongeza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Verlyn alisahau kujibu.

Nyumbani aliingia karakana akatoa koleo la kukatia waya. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, akaweka mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajikunja mpaka mbavu zikalia, akabana bila kuona vizuri alichobana. Ukucha haukukatika, ulipasuka. Damu ilichirizika mpaka kwenye kigae. Aliizuia kwa karatasi za chooni, na akiwa amekaa pale, hasira ikampanda, na hasira yenyewe ilimlenga Ardis. Miaka thelathini na moja umekuwa ukisema lete mguu, alimwambia, hukuniacha hata siku moja nikakuomba. Ungeniacha niombe hata mara moja, ningejua inavyofanywa. Akalia, mzee mzima, kwa sauti, na nyumba ya vyumba tisa ikamsikiliza. Hakuna kitu alichokuwa amekikosa zaidi ya zile dakika ishirini. Si chakula, si mazungumzo, maana mazungumzo hawakuwa nayo mengi. Ni kule kushikwa tu na mtu asiyeona kinyaa.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini Verlyn alikuwa amevumilia mpaka zimeoza. Asubuhi, saa mbili, alitafuta karatasi ya matangazo ya kanisa, akapata namba, akapiga.

"Loretta hapa, sema."

"Habari ya asubuhi. Huko baridi ikoje?"

"Ipo. Nani mwenzangu?"

"Wanasema Jumapili kutakuwa na mvua."

"Bwana, unauza kitu?"

"Ni Verlyn Aaberg. Wa jana kanisani. Wa meza ya kahawa."

"Wa kahawa, wa kahawa... Mwenye mabuti! Uliyesema hapana."

"Ndiyo. Ile hapana ilikuwa ya kwanza tu."

"Hapo umeniacha, mzee wangu."

"Huwa zinakuwa mbili. Ya tatu ndiyo jibu."

"Yaani nilitakiwa nikuulize mara tatu?"

"Hukutakiwa. Watu huwa wanafanya hivyo tu."

"Na ulikaa pale saa mbili nzima unaningoja niulize tena?"

"Nilikuwa nakunywa kahawa," alisema Verlyn. Halafu akafumba macho, kwa kuwa maneno yaliyofuata hakuwahi kuyasema kwa mtu, akayasema yote kwa pumzi moja. "Naomba unikate kucha. Sizifikii. Zinaniuma mpaka siwezi kutembea, na nisipotembea vizuri tarehe kumi na tisa wananihamisha kutoka kwangu."

"Unaishi wapi?" alisema Loretta.

Alifika Alhamisi alasiri. Verlyn alikuwa ametandaza taulo safi na kuoga mara mbili. Loretta alijaza beseni maji vuguvugu, akakaa chini sakafuni, akavuta buti, akavua soksi polepole kwa kuwa ilikuwa imegandamana na damu. Akausogeza mguu kwenye mwanga.

Verlyn aliangalia ukuta. "Samahani kwa uchafu."

"Uchafu gani? Miguu yako safi kuliko ya mume wangu." Akaushika wayo kwa mikono miwili, akaupima joto, akabonyeza kila kidole. "Umetembea na hiki kitu kwenye nyama tangu lini?"

"Tangu vuli, majani yakipukutika."

"Tangu vuli! Sukari huna?"

"Hapana."

"Shukuru. Ungekuwa na sukari tungekuwa tunaongea mambo ya kukata mguu, si ukucha. Na hili pengo katikati, nani kakufundisha?"

"Baba yangu."

"Mungu amrehemu, lakini alikudanganya." Aliloweka mguu, akausubiri, akachukua koleo dogo lenye ncha nyembamba. "Itauma nikihesabu mpaka tatu, halafu basi. Moja." Akavuta kabla ya mbili. Kipande kilichotoka kilikuwa kirefu kama punje ya mchele, na Verlyn akakitazama kwenye kiganja cha Loretta bila kuamini kwamba kipande kile ndicho kilichotaka kumtoa kwenye shamba la babu yake.

Kisha Loretta akaendelea na vidole vingine, akipunguza unene kwa tupa, akikata kidogo kidogo, na huku anasema. "Moja kwa moja, unaona? Usifuate mviringo wa kidole, pembe iache ichungulie nje. Usikate mpaka kwenye nyama. Ukioga, kausha katikati ya vidole. Na hayo mabuti katupe, mguu unaelea humo ndani kama mtoto kwenye beseni, utaanguka nayo. Ukitoka usaha hapa, unakwenda kwa daktari siku hiyo hiyo, sawa? Na usimwambie si mbaya. Nimeshalisikia hilo neno, linanitisha."

Loretta alipoushika mguu wa pili akauweka juu ya paja lake, machozi yalikuwa yanamshuka Verlyn, naye hakuwa na pa kuyaficha, maana leso ilikuwa mfuko wa nyuma. Loretta aliyaona. Alikaza macho kwenye tupa.

"Nikwambie kitu?" alisema baadaye. "Miezi minane nipo hapa. Sijaingia nyumba ya mtu. Hii yako ya kwanza. Siku yangu ya kwanza pale ukumbini niliuliza wazee tisa kama niwakate, wote wakasema usijisumbue. Nikasema sawa. Nikaenda kulia ndani ya gari, nikajua hawataki mtu wa kuja. Na wakinipa kahawa nasema ndiyo, nashukuru, wananiangalia kana kwamba nimeiba birika."

Verlyn alicheka, na kicheko kikatoka na kamasi. "Hao tisa," alisema, "bado wanakungoja."

Aliporudi kusimama alisimama kwa woga, mkono ukutani, akisubiri yale maumivu ya kuchoma kama msumari. Haukuja. Akakanyaga tena. Loretta alikuwa anafunga mfuko wake, hakuona uso wa mzee, na pengine ni vizuri.

Wiki mbili zilizofuata alitembea. Siku ya kwanza mpaka ghalani, ya pili mpaka kwenye miti ya kuzuia upepo, ya tano mpaka barabarani kwenye sanduku la barua, robo tatu ya maili kwenda tu. Misuli ilikuwa imesahau kazi, ikambidi aifundishe upya: kisigino kwanza, kisha wayo, kisha vidole visukume. Kidole gumba ndicho kinachosukuma, Loretta alimwambia. Mtu akilificha gumba lake anatembea na nusu ya mguu. Goti likanyamaza. Nyonga ikanyamaza. Loretta alipita mara moja akakagua kidonda, akakuta kimefunga.

Tarehe kumi na tisa, Ijumaa, utepe ulibandikwa sakafuni, na mwanamke wa kaunti akasema, "Haya." Verlyn aliinuka akiwa amevaa viatu vyake vya ngozi. Renae alikuwa amejiziba mdomo kwa ngumi. Akaenda, akageuka, akarudi, akakaa.

"Kumi na moja," alisema mwanamke wa kaunti, akaitikisa saa. "Hebu rudia." Kumi na nusu.

Alipoondoka yule mama, Renae alibaki amesimama katikati ya jikoni. "Baba, umefanya nini?"

"Nimekatwa kucha."

Alidhani ni utani. Alipoona si utani, akakaa. "Kucha? Nimelipia chumba cha watu. Nimewaambia watoto babu anakuja. Nimelala mwezi mzima nakuota umeanguka kwenye ngazi, na ilikuwa kucha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekukata mimi, baba. Ningepiga magoti hapa hapa nikakukata."

Verlyn aliangalia mikono yake. "Ilikuwa kazi ya mama yako."

"Kazi ya mama vipi?"

Basi akamwambia. Jumamosi jioni, gazeti, kiti, miaka thelathini na moja. Alisema kwa maneno machache, akiona haya kama kijana aliyekamatwa. Renae alimsikiliza, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Nilikuwa juu chumbani kwangu," alisema. "Nilikuwa nasikia redio. Miaka yote hiyo nilidhani mnakaa tu mkisikiliza redio, kila mtu na lake. Niliwahi kumwambia mume wangu wazazi wangu hawakupendana, walizoeana." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilimwambia hivyo siku ya mazishi."

"Tulizoeana pia," alisema Verlyn.

Alimsindikiza. Kwetu kuaga ni safari: unaaga mezani, unaaga mlangoni, unaaga kwenye gari, na kwa mwaka mzima Verlyn alikuwa ameishia mlangoni. Safari hii Renae aliendesha polepole kwa mwendo wa mtu, kioo amekishusha, na baba yake akatembea pembeni mkono juu ya mlango, wakizungumza mambo ya mfereji na maji ya theluji, mpaka barabarani. Pale hakukuwa na pa kuendelea. Binti alimbusu mkono, jambo ambalo si la kwetu, akaingia barabara kubwa. Verlyn alisimama mpaka gari likawa nukta, na nukta ikaisha.

Akageuka. Njia ilikuwa imekauka na mguu haukuuma popote. Angetaka, angefika kabla ya nusu saa. Mwaka mzima alikuwa akijiambia kwamba anakwenda polepole kwa sababu ya miguu. Sasa miguu ilikuwa mizima, na alikwenda polepole vile vile, kwa kuwa nyumba aliyoipigania ilikuwa pale mbele yake, imesimama, yake, na ndani yake hamkuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini amekawia.